Mita moja ya bomba, dola 3,880

Aliyekulia pwani ya Tanga anajua chupa ya mafuta ya nazi inavyokuwa asubuhi ya kipupwe. Usiku yalikuwa maji; alfajiri unaiinamisha chupa na hakitoki kitu, mafuta yameganda meupe kama mshumaa, mpaka uyaanike juani au uitumbukize chupa kwenye maji ya moto. Mafuta ghafi ya Uganda yana tabia hiyohiyo, ila hayasubiri kipupwe. Yamejaa nta, na katika joto la kawaida la Hoima au Nzega, joto la mtu kuvaa shati la mikono mifupi, yanaganda. Ili yatiririke yanatakiwa kukaa juu ya nyuzi joto 50, usiku na mchana, masika na kiangazi, njia nzima ya bomba la kuyapeleka baharini, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, jirani na mji wa Tanga. Njia hiyo ni kilomita 1,443: Uganda 296, Tanzania 1,147.

Hakuna bomba jingine la mafuta yanayopashwa joto duniani lenye urefu huo. Lililokuwa likitajwa kabla yake, la Rajasthan hadi pwani ya Gujarat nchini India, lina kilomita zaidi ya 600, chini ya nusu ya hili letu.

Mradi ulipokuwa ukitangazwa, gharama iliyokuwa midomoni mwa viongozi ilikuwa dola bilioni 3.5. Kufikia 2023 ikawa bilioni 5. Mwaka 2025 namba iliyotumika ni bilioni 5.6. Gawanya kwa urefu: kila mita moja, hatua moja ndefu ya mtu mzima, imetoka dola 2,430 na kufika dola 3,880. Ongezeko la dola bilioni 2.1 ni asilimia 60 ya makadirio ya kwanza. Bomba halikurefuka. Kipenyo chake ni kilekile, inchi 24. Basi fedha zimekwenda wapi?

Jibu la haraka linalotolewa vijiweni ni chuma. Tukipime hicho chuma. Bomba la inchi 24 lenye ukuta wa, tuseme, milimita 12.7 lina uzito wa kilo 187 hivi kwa mita. Kwa njia nzima hiyo ni kama tani 270,000. Hata tukiweka bei ya juu ya dola 1,500 kwa tani, tunapata dola milioni 405. Hiyo ni kama asilimia 7 ya bilioni 5.6. Bei ya chuma ingepanda mara mbili, mradi wote ungeongezeka kwa fungu ambalo wanahisa wangelilalamikia lakini wangelilipa. Katika bomba, chuma ndicho kinachotabirika kuliko vyote. Kina kiwanda, kina bei sokoni, kina tarehe ya meli.

Kazi ya kukifikisha na kukiunganisha ni nzito zaidi, nayo bado inahesabika. Kila kipande kina mita 18. Ukigawa, unapata vipande 80,000 kwa kukadiria. Shehena ya kwanza iliteremshwa bandari ya Dar es Salaam Desemba 2023, ikapandishwa malori hadi kijiji cha Sojo, wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, ambako kimejengwa kiwanda cha kuvika kila kipande koti la povu zito linalozuia joto lisitoroke, na juu yake gamba la plastiki ngumu. Vipande vya tani 3.4 kila kimoja vikipakiwa vinane kwa semitrela, unahitaji safari 10,000 za Dar hadi Nzega, karibu kilomita 900 kila moja, halafu safari nyingine za kusambaza kutoka Nzega kwenda Kagera upande mmoja na Handeni upande mwingine. Kisha kulehemu. Maungio 80,000 yanapigwa picha za mionzi au sauti moja baada ya moja kutafuta ufa. Kama maungio 99 kati ya 100 yatafaulu mara ya kwanza, na hicho ni kiwango cha mafundi wazuri sana, bado kuna maungio 800 ya kukata na kurudia.

Joto nalo lina bei yake. Koti la povu peke yake halitoshi, maana litapunguza upotevu wa joto tu, halitauzuia. Kwa hiyo kando ya bomba, ndani ya mtaro wenye kina cha karibu mita 2, unalazwa waya wa umeme wa kupasha na kebo ya mawasiliano ya kupima kila sehemu ina joto gani. Kuna vituo 6 vya kusukuma, viwili Uganda na vinne Tanzania, na viwili vya kupunguza nguvu ya msukumo pale ardhi inapoteremka kuelekea baharini, maana mafuta yakishuka mlima bila breki hupasua bomba. Huko mwisho, Chongoleani, matangi manne ya mapipa 500,000 kila moja, nayo yanapashwa joto, na gati ya takriban kilomita 2 kuingia baharini hadi kina kinachobeba meli kubwa.

Hayo yote yalijulikana toka mwanzo. Wahandisi hawakugundua nta mwaka 2022. Kwa hiyo hata joto halielezi zile bilioni 2.1 zilizoongezeka. Kinachozieleza, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo halimo kwenye mchoro wowote: muda.

Fikiria barabara. Mkandarasi akimaliza kilomita 100 kati ya 500, magari yanapita hizo 100, na mkulima wa viazi anafika sokoni saa mbili mapema. Reli nayo ni hivyo. Treni ilianza kwenda Dodoma wakati mbele bado kuna tuta la udongo. Bomba halina huruma hiyo. Kilomita 1,442 zilizokamilika hazileti shilingi. Hazisafirishi hata lita moja, kwa kuwa kati yake na gati imebaki kilomita moja. Fedha zote zinatoka kwanza, hadi senti ya mwisho, ndipo pipa la kwanza lianze kuzirudisha. Mradi wa namna hii ukichelewa mwaka, hauchelewi kwa sehemu yake ile iliyokwama, unachelewa wote.

Bomba likijaa, uwezo wake wa juu ni mapipa 246,000 kwa siku. Nauli iliyokubaliwa katika mikataba ya 2021 ni dola 12.77 kwa pipa. Zidisha: dola milioni 3.14 kwa siku, bilioni 1.15 kwa mwaka. Hizo milioni 3.14 ndizo thamani ya siku moja ya bomba lililojaa. Tuweke kando yake upande wa mkopo. Mpango ulikuwa asilimia 60 ya gharama itoke kwa wakopeshaji na 40 kwa wanahisa. Asilimia 60 ya bilioni 5.6 ni bilioni 3.36. Kila asilimia moja ya riba juu ya fedha hizo ni dola milioni 33.6 kwa mwaka, sawa na dola 92,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Riba ikiwa asilimia 10, ni dola 920,000 kwa siku. Tingatinga linalokaa bila kazi kwa sababu mvua imejaza mtaro ni hasara ndogo. Hasara kubwa haionekani ukiwa umesimama pale.

Sasa tuhesabu siku zilizopita. Mafuta yaligunduliwa bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Wataalamu wanakadiria mapipa bilioni 6.5 yamo ardhini, na kama bilioni 1.4 ndiyo yanayoweza kutolewa. Kwa miaka kumi Uganda haikuwa na njia ya kuyafikisha baharini. Mazungumzo ya muda mrefu yalikuwa na Kenya, bomba lipite Lokichar, Turkana, hadi Lamu. Aprili 2016 Uganda ikaamua kuja Tanga: ardhi si ya milima sana, bandari ipo, na njia iko mbali na mpaka wa Somalia. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Wengi tuliamini kwamba jiwe la msingi maana yake ujenzi umeanza.

Haukuanza. Kampuni ya Tullow, iliyokuwa na theluthi moja ya visima, ilitaka kuuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa kampuni wenza Total na CNOOC kwa dola milioni 900. Mgogoro wa kodi ya mauzo hayo na serikali ya Uganda ukavuta miaka miwili na nusu, na Agosti 2019 mauzo yakavunjika. Total ikasimamisha kazi za bomba. Aprili 2020, dunia ikiwa imefungwa na korona na bei ya mafuta imeanguka, Tullow iliuza hisa zake zote, si sehemu tena, kwa milioni 575. Mikataba na serikali mbili ikasainiwa 2021. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Kampala tarehe 1 Februari 2022, visima na bomba pamoja vikihesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni 10. Vibali vya ujenzi vilitoka mapema 2023, upande wa Tanzania kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kuanzia jiwe la msingi hadi kibali cha kujenga ni zaidi ya miaka mitano. Katikati ya 2025 kazi ilikuwa imevuka asilimia 60, na lengo la mafuta ya kwanza, ambalo liliwahi kuwa 2020, kisha 2025, likawa 2026. Mtoto aliyezaliwa Hoima mwaka ule mafuta yalipogunduliwa anatimiza miaka 20 mwaka huo wa 2026.

Tatizo hili si la Afrika, na linaniudhi linaposemwa hivyo. Bomba la Alaska, kilomita 1,287, lilikadiriwa dola milioni 900 mwishoni mwa miaka ya 1960. Lilipoanza kupitisha mafuta Juni 1977 lilikuwa limemeza bilioni 8. Shida yao ilikuwa kinyume cha yetu: mafuta yalitoka kisimani yakiwa ya moto, na ardhi yenyewe ndiyo iliyoganda. Bomba la moto likizikwa humo lingeyeyusha udongo na kuzama, hivyo zaidi ya nusu ya urefu wake ikainuliwa juu ya nguzo. Lakini kabla ya nguzo hata moja kusimama kulikuwa na kesi mahakamani na madai ya ardhi ya wenyeji yaliyovuta miaka, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria maalumu mwaka 1973. Kanada nayo, nchi tajiri yenye uzoefu wa mabomba kuliko karibu nchi yoyote, ilianza upanuzi wa Trans Mountain kwa makadirio ya dola bilioni 5.4 za Kanada. Mwekezaji alichoka, serikali ikalinunua bomba 2018 kwa bilioni 4.5, na lilipofunguliwa Mei 2024 hesabu ilikuwa kama bilioni 34.

Na sisi wenyewe tumewahi kujenga kwa haraka. TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, refu kuliko hili la sasa, lilifunguliwa 1968. Rhodesia ilijitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ikakatiwa njia ya mafuta, yakawa yanabebwa kwa malori kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi, na hata kwa ndege. Chini ya miaka mitatu baadaye bomba lilikuwa linafanya kazi. Lilikuwa jembamba, inchi 8 na 12, halikupashwa joto, na serikali mbili zilikuwa na sababu moja iliyo wazi. Bado linatumika, tangu 2023 linabeba dizeli.

Turudi Tanga, kwenye ardhi, maana hapo ndipo namba ndogo inapokuwa na nguvu kuliko kubwa.

Mkuza wa bomba una upana wa mita 30. Mita 30 kwa kilomita 1,443 ni hekta 4,329, kama ekari 10,700. Kwa mradi wa mabilioni, hiyo si ardhi kubwa; yapo mashamba ya mkonge yenye ukubwa unaokaribia huo. Waguswa wa mradi, yaani wenye ardhi ndani ya mkuza na maeneo ya vituo, ni kama 9,900 Tanzania na 3,660 Uganda. Ukigawa njia kwa watu hao, unapata mtu mmoja kila mita 106. Kila mita 106 kuna jina la kuandikwa, mpaka wa kupima, miti ya kuhesabu, makaburi ya kuuliza habari zake, mke au ndugu ambaye hakuwepo siku ya tathmini, akaunti ya benki ya kufungua kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Katika mikoa minane ya Tanzania, kuanzia Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara hadi Tanga, hakuna namna ya kuruka hata mtu mmoja. Ardhi ni sehemu ndogo ya gharama na sehemu kubwa ya kalenda.

Tuangalie sasa kalenda hiyohiyo upande wa pili. Tathmini nyingi zilifanywa kuanzia 2018. Siku mthamini akishahesabu, mwenye shamba anaambiwa asipande tena mazao ya kudumu wala asiongeze nyumba ndani ya eneo lile, kwa sababu hayatahesabiwa. Fidia kwa wengi ikalipwa kati ya 2021 na 2023. Sheria yetu ya uthamini ya 2016 inajua hatari hii: tathmini ikipita miaka miwili bila malipo inapoteza nguvu, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanatakiwa kuongezwa riba. Lakini riba ya benki juu ya thamani ya mgomba si sawa na mgomba. Mkulima wa Muheza anayesubiri miaka mitatu bila kupanda mchungwa mpya hakupoteza miaka mitatu tu, kwa kuwa mche wa mchungwa unahitaji miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa vizuri. Amepoteza mavuno ya miaka ambayo bado haijafika. Yule wa Kagera mwenye kahawa na migomba katika kibanja kimoja alisubiri huku bei ya bati na saruji ikipanda. Katika hesabu za mradi, kucheleweshwa kwa mwekezaji kuna jina na kuna safu yake kwenye jedwali. Kucheleweshwa kwa mkulima kulilipwa kwa kiwango kilichopangwa na ofisi, na mimi naona hapo ndipo hesabu ya bilioni 5.6 ina pengo. Kama muda ni fedha kwa benki, basi ni fedha pia kwa mwenye ekari moja.

Wastani, kwa kweli, si hata ekari moja. Ekari 10,700 kwa watu 13,560 ni kama robo tatu na ushei kwa kila mmoja. Ni kipande kinachotosha kuvuruga shamba na hakitoshi kumhamisha mtu akaanze upya. Bomba likishafukiwa, atarudishiwa udongo juu na kuruhusiwa baadhi ya shughuli, lakini nyumba na miti yenye mizizi mirefu haitakuwepo tena juu ya mkuza huo.

Baada ya migogoro ya mikataba na kazi ya ardhi, mahali pa tatu muda ulikopotelea ni kwa wakopeshaji. Bomba hili limepingwa na wanaharakati wa mazingira kuliko miradi mingi ya Afrika. Hoja zao si za mzaha: visima vya Tilenga, mojawapo ya maeneo mawili yatakayolisha bomba, vinaingia ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, njia inapita katika bonde la Ziwa Viktoria linalonywesha mamilioni, na Tanga ina matumbawe na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa kumlinda samaki wa kale, silikanti. Taasisi moja ya utafiti ilikadiria mwaka 2022 kwamba mafuta yote yatakayopita, hadi yachomwe na mtumiaji wa mwisho, yatatoa tani milioni 379 za hewa ya ukaa katika miaka 25. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi. Kesi iliyofunguliwa Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020 ilitupwa 2023 kwa sababu za muda na mamlaka, si kwa kusikiliza hoja zenyewe.

Azimio halikusimamisha tingatinga hata moja. Liliwafikia mabenki. Mabenki mengi makubwa ya Ulaya na Marekani yalitangaza kutoshiriki, na mashirika ya bima yakafuata. Fungu la kwanza la mkopo wa nje lilitangazwa Machi 2025, miaka mitatu baada ya uamuzi wa uwekezaji, likitoka Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda, KCB Uganda na tawi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu linalokopesha sekta binafsi. Kwa miaka hiyo mitatu wanahisa walijenga kwa fedha zao: TotalEnergies, ile Total ya zamani, yenye asilimia 62, CNOOC yenye 8, UNOC ya Uganda 15, na TPDC yetu 15.

Hiyo 15 tuipime. Ikiwa wanahisa wanatoa asilimia 40 ya bilioni 5.6, fungu la TPDC ni dola milioni 336. Kwa makadirio ya zamani ya bilioni 3.5 lingekuwa milioni 210. Kuchelewa na kupanda kwa gharama kumeiongezea Tanzania mzigo wa dola milioni 126 katika mtaji, bila kuiongezea hata asilimia moja ya hisa. Mikopo ikipungua, wanahisa wanaombwa zaidi. Kwa Total, milioni 126 ni mauzo ya saa chache. Kwa shirika la umma la Tanzania, ni zahanati ngapi? Ni visima vingapi vya maji? Mtu anayepigania au anayepinga mradi huu anapaswa kuwa na namba hiyo mezani.

Je, fedha zitarudi? Hapa wachambuzi wengi hupita haraka, nami naomba tukae kidogo. Nauli hukusanywa kwa pipa. Mapipa bilioni 1.4 yakipita yote, gharama ya ujenzi peke yake ni dola 4 kwa pipa. Kwa makadirio ya kwanza ingekuwa dola 2.5. Pipa likiuzwa dola 65, nauli ya 12.77 ni kama moja ya tano, na bei ya pipa kisimani Uganda ni bei ya soko kutoa nauli. Pipa likishuka hadi dola 45, nauli inakuwa zaidi ya robo. Nauli haishuki na soko.

Halafu kuna mapipa yenyewe. Tilenga inatarajiwa kufikia 190,000 kwa siku na Kingfisher, eneo la pili la visima, 40,000. Jumla 230,000, tayari chini ya uwezo wa bomba. Machi 2025 Uganda ilisaini makubaliano na kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku. Kikijengwa na kupewa mafuta kwanza, linalobaki kwa bomba ni 170,000, asilimia 69 ya uwezo. Nauli ya siku inashuka kutoka milioni 3.14 hadi 2.17. Uganda ina haki na akili ya kutaka petroli yake yenyewe. Ila kila pipa linalosafishwa Hoima halilipi nauli Tanga, na mkopo hautajali limekwenda wapi.

Watanzania tunalifahamu bomba kubwa lenye kitu kidogo ndani. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, inchi 36, lilikamilika 2015 kwa dola bilioni 1.2 hivi, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na miaka ya mwanzo lilibeba sehemu ndogo sana ya uwezo wake kwa sababu mitambo ya umeme na viwanda vya kuitumia gesi havikuwa tayari. Mkopo ulikuwa tayari.

Na Kenya inajua upande mwingine, wa kuwa na mafuta bila bomba. Baada ya Uganda kugeukia Tanga, Lokichar ilibaki na mafuta yake, nayo yana nta, na kilomita 820 za bomba la peke yake hadi Lamu ambazo hazijajengwa. Kuanzia 2018 yalibebwa kwa malori hadi Mombasa, mapipa 2,000 kwa siku. Shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliuzwa Agosti 2019. Mwaka uliofuata malori yakasimama. Lori moja la mafuta hubeba kama mapipa 200. Kubeba mapipa 246,000 ya Hoima kwa njia hiyo kungehitaji malori 1,230 kila siku, lori moja kila sekunde 70, mfululizo, kwenda tu bila kuhesabu yanayorudi. Ndiyo sababu, pamoja na yote niliyoyasema, bomba ndilo lililoshinda kila mkutano.

Siku mafuta yatakapofunguliwa Kabaale hayatafika Tanga siku hiyo. Bomba tupu lina nafasi ya mapipa milioni 2.4 ndani yake, kwa hesabu ya kipenyo na urefu. Lazima lijazwe lote, likiwa la moto, kabla tone la kwanza halijaanguka kwenye tangi la Chongoleani. Likisukumwa kwa uwezo kamili, hiyo ni kama siku kumi. Visima vikianza polepole, kwa mapipa 100,000 tuseme, ni siku 24. Kwa dola 65, mafuta hayo yana thamani ya dola milioni 156, na hayatauzwa. Yatabaki humo muda wote bomba litakapokuwa hai, mapya yakiingia nyuma na ya zamani yakitoka mbele. Baada ya siku hizo 24 kutahitajika nyingine 5 kujaza tangi la kwanza kati ya manne, ndipo meli iitwe gatini.